Utepe wa Bluu Kwenye Kibano cha Saba

Alhamisi, tarehe kumi na tisa mwezi wa sita, saa nne kasorobo asubuhi. Hata ukiniamsha kwa maji ya baridi ukaniuliza, nitakutajia hivyo hivyo kabla sijafumbua macho.

Saa tatu na nusu nilikuwa na mke. Saa nne kasorobo nilikuwa mgane.

Aliyeshika hadithi hii leo kwa mara ya kwanza nisimwache njiani. Mimi ni fundi wa kutundika taa kwenye filamu. Zamani nilikuwa nachomelea mageti. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona herufi zimepinda, mhariri kanyoosha alivyoweza. Aliyeniingiza kwenye kazi ya taa ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye wote tunamwita Twiga kwa urefu wake. Mke wangu alikuwa mshonaji wa nguo za waigizaji hapo hapo, na binti yetu, mtu mzima wa miaka ishirini na mbili, alikuwa anafanya kazi na mama yake, kupiga pasi na kushona vifungo.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa juu ya ngazi, kibano mkononi, waya hakuna, mkubwa wetu yuko chini ananisubiri. Wengi mmeandika gazetini kunipa pole. Mkubwa yule mmemtukana mpaka mhariri akakata maneno mengine. Nashukuru. Someni ya leo kwanza. Halafu kama mtazitaka pole zenu, nitazirudisha.

Twende ghalani.

Filamu ilikuwa inapigwa ndani ya ghala lililokuwa la saruji. Maseremala walijenga sebule humo: kuta tatu, makochi, picha ukutani, dirisha linalotazama ubao. Dari hakuna. Juu kuna mabomba ya chuma yaliyopigwa namba kwa rangi nyeupe, na kwenye mabomba hayo ndipo tunapotundika taa kwa vibano.

Kibano chenyewe ni chuma tu, mdomo wake kama gando la kaa. Kinauma bomba, unakaza skrubu, taa inaning'inia chini yake. Taa moja uzito wake ndoo ya maji iliyojaa. Sasa kibano nacho kuna siku kinachoka. Ndiyo maana kila taa inafungiwa waya wa usalama, mwembamba, wa chuma, unaozunguka bomba. Kibano kikiachia, waya unaidaka taa hewani. Watu watapiga kelele, watatukana, watakunywa maji, kazi itaendelea.

Na mwisho wa yote ni utepe wa gundi, unaobandikwa kwenye kibano. Twiga alinifundisha siku ya kwanza.

"Shemeji, nisikilize. Kwanza kibano. Pili spana. Tatu waya. Utepe wa mwisho kabisa. Ukishabandika utepe umesema: hapa mtu apite, akae, alale akitaka, mimi ndiye niliyefunga."

"Na mimi nisiyejua kuandika vizuri?"

"Ndiyo sahihi yako hiyo. Haina herufi."

Kila fundi na rangi yake. Wa Twiga bluu, wangu mwekundu. Yeye anakata kwa mkasi mdogo anaoutembeza mfukoni kama daktari. Mimi nakata kwa meno, na alikuwa akinicheka kwamba iko siku nitabaki na fizi.

Pale kazini hakuna mwigizaji wala mfagiaji anayekaa chini ya taa kabla hajainua kichwa kutafuta utepe. Mke wangu ndiye aliyezidi wote. Hata nyumbani, akiingia sebuleni, anatazama balbu. "Baba, hii mbona haina utepe?" Halafu anacheka peke yake.

Asubuhi ile taa zilikuwa ishirini. Mimi na Twiga tulikuwa tunapishana, yeye hapa mimi pale, mbio mbio, hakuna aliyehesabu nani katundika ngapi. Twiga akamaliza akatoka nje kupakua mizigo garini. Nikabaki na taa moja, ile ya namba saba, juu ya kochi dogo. Nikaingiza mkono kwenye sanduku la nyaya.

Tupu. Taa ishirini, nyaya kumi na tisa. Hesabu hiyo haihitaji darasa la tano.

Na kibano kilichobaki, nilipokigeuza, nikakitambua. Skrubu yake ilikuwa imelika meno. Mwezi mmoja nyuma mimi mwenyewe nilikipiga alama ya chaki ili kitupwe. Kuna mtu alifuta chaki akakirudisha kazini. Sikumwona, lakini nilijua nani pale hapendi kitu kitupwe.

Huyo ndiye mtayarishaji. Sisi tunamwita Bwana Saa, kwa sababu hasemi na mtu bila kugonga kioo cha saa yake kwa ukucha.

"Fundi, ghala zima linasubiri taa moja?" Akagonga.

"Mkubwa, waya hakuna. Na kibano hiki si kizima."

"Kimeshika?"

"Kimeshika, lakini..."

"Kama kimeshika, kimeshika. Waya unakuja saa sita, nimeshamtuma mtu."

"Basi na taa tuipandishe saa sita."

"Mwongozaji anaitaka sasa. Bandika utepe, watu waingie."

"Bila waya?"

Akacheka kama mtu anayemcheka mtoto. "Fundi, waya nani anauona akiwa huku chini? Wanachoona ni utepe. Wasipouona hawaingii, wasipoingia siku yangu imepotea, na siku yangu ikipotea natafuta fundi mwingine. Wewe umetoka kwenye mageti, utarudi kwenye mageti."

Nikiwa na watu, hadithi hii naisimamisha hapo hapo. Watu wanatikisa vichwa, wananinunulia soda, wanasema wakubwa hawana utu. Na kweli hawana. Kazi ikiwa nzuri wanasema "sisi", ikiharibika wanasema "nyinyi mafundi".

Lakini Bwana Saa alikuwa chini. Mkono uliokuwa juu ulikuwa wangu.

Nikakaza skrubu mpaka spana ikateleza. Nikapapasa mfukoni kutafuta utepe wangu mwekundu. Haupo.

"Unatafuta nini huko juu, baba?"

Mke wangu alikuwa anapita na nguo begani, pini zimejaa kifuani kwenye aproni.

"Utepe wangu uko wapi?"

"Uwii! Niliumalizia jana kwenye kiatu cha yule dada mwigizaji, soli iliachia. Nimesahau kukwambia."

"Mama, utepe wa kazi unabandikia viatu?"

"Na kiatu si kilishika? Mngenipa mimi hizo taa nizitundike." Akaweka nguo kwenye kochi. "Ngoja. Nimekumalizia mimi, nakuletea mimi."

Akaenda kwenye begi la mdogo wake. Akarudi na utepe wa bluu, mzingo mzima. Akanirushia. Nikaudaka kwa mkono mmoja, naye akapiga makofi kama yuko mpirani.

"Twiga atanisema."

"Akuseme wewe, na mimi dada yake nipo? Nitamrudishia mwenyewe."

Nikakata kipande kwa meno. Nikabandika. Nikamrushia mzingo, akauingiza kwenye mfuko wa aproni.

Hapo ningeweza kusema. Alikuwa chini ya ngazi, uso kauinua, bado anacheka. Maneno yenyewe yalikuwa manne tu: usikae hapa, waya hakuna.

Sikuyasema. Watu wakisikia watadhani nilimwogopa Bwana Saa. Nilimwogopa, ndiyo. Lakini zaidi niliona aibu. Miaka mitano mke wangu alikuwa akijisifia kwa washonaji wenzake kwamba utepe wa mumewe haudanganyi. Nimwambie nini, kwamba nimeambiwa nidanganye nikadanganya?

Nikateremka, nikajiambia nitasimama pale chini mwenyewe kama askari, asipite mtu mpaka waya uje. Nikasimama. Mke wangu akaitwa kwenye chumba cha nguo. Mfagiaji akaja na ufagio wake.

"Zunguka huku," nikamwambia.

"Kuna nini?" Akatazama juu. "Si utepe upo?"

"Zunguka tu, mama."

Akazunguka, ananitazama kama mtu aliyeanza kurukwa na akili.

Dakika kumi sikuzimaliza. "Fundi!" Ukucha kwenye kioo. "Jenereta linakohoa, katazame."

Nikaenda. Sikumwambia mtu yeyote anishikie zamu, maana angeuliza kama alivyouliza mfagiaji: si utepe upo?

Jenereta halikuwa na jambo kubwa, hewa kwenye bomba la mafuta. Nilikuwa nafuta mikono kwa kitambaa niliposikia ghala linatoa sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu kaangusha sufuria tupu jikoni. Kilichonitisha ni kimya kilichofuata, kwa sababu watu wa filamu hawajui kunyamaza mpaka waambiwe.

Nilivyosimuliwa baadaye, pindo la gauni lilikuwa limefumuka dakika za mwisho. Yule dada mwigizaji akalivua, akajifunga koti, mke wangu akatafuta mahali penye mwanga alishone upesi.

Mwanga mzuri ulikuwa kwenye kochi dogo.

Sitaeleza nilichokikuta. Nitasema tu kwamba sindano ilikuwa bado katikati ya vidole vyake na uzi haukuwa umekatika. Binti yangu alikuwa kapiga magoti anaita "mama, mama", kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa na miaka mitatu.

Twiga akaingia mbio kutoka nje, akasimama ghafla. Macho yake yalikwenda sakafuni, kwenye kibano. Kilikuwa kimelala mdomo wazi, na kipande cha utepe kimekishikilia mgongoni.

Cha bluu.

"Ni changu," akasema. Kwa sauti ndogo, kama anajiambia mwenyewe. Kisha kwa sauti kubwa: "Jamani, hiki ni changu!"

Nilifungua mdomo. Nawaapia niliufungua. Lakini watu wakaanza kumtazama Twiga, na kadiri walivyomtazama ndivyo mlango wangu wa kusema ulivyozidi kujifunga.

Bwana Saa akanishika bega akanipeleka nyuma ya ukuta wa mbao. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona haigusi saa yake.

"Pole sana, fundi. Pole kweli. Umeona ule utepe ni rangi gani?"

"Mkubwa, wewe unajua nani aliye..."

"Mimi najua nilichokiona. Nimeona bluu. Wewe umeona rangi gani?"

"Bluu."

"Basi. Ukiongeza neno hapo utaulizwa kwa nini hukukataa. Na una binti. Huyu mtoto sasa amebaki na nani?"

Saa sita waya ulifika, kama alivyoahidi. Akauingiza kwenye sanduku kwa mkono wake mwenyewe. Wachunguzi walipokuja wakaona sanduku lina waya mmoja. Wakaandika kwamba waya ulikuwepo, ila fundi alisahau kuufunga.

Fundi gani? Rangi ilisema yenyewe.

Siku ya tatu niliitwa kwa mpelelezi. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mpole, alinipa maji kabla ya kiti.

"Baba, kibano kilichoanguka kilikuwa na utepe wa rangi gani?"

"Bluu."

"Utepe wa bluu hutumiwa na nani?"

"Na shemeji yangu."

"Kuna jambo ungependa kuongeza?"

"Hakuna."

Akanisomea karatasi taratibu, maana nilimwambia mimi husoma kwa kuvizia. Halafu nikatia sahihi, herufi moja moja. Karatasi ile naijua yote kwa kichwa. Nimetafuta humo neno la uongo usiku na mchana, sijalipata. Kila neno ni la kweli, na yote kwa pamoja ni uongo mtupu.

Mngeniacha hapo ingekuwa nafuu. Lakini mazikoni yule dada mwigizaji alinifuata pembeni, macho yamevimba.

"Mzee, kuna kitu nataka ukijue, labda kitakupa faraja. Mimi nilimwambia dada ashone upesi. Akasema subiri kwanza. Akatazama juu, akatabasamu, akasema, 'Hapa pana mkono wa mume wangu, hapaanguki kitu.' Ndipo akakaa."

Alinishika mikono yote miwili. Nikamwambia asante. Kesho yake akasafiri kwenda kwenye filamu nyingine, na hakuna aliyemuuliza lolote, kwa sababu rangi ilishasema.

Sentensi ile ndiyo ninayoamka nayo. Angeuona ule utepe kuwa ni wa mtu mwingine, labda angejivuta pembeni kidogo. Alikaa kwa sababu alijua ni mimi.

Wiki sita zikapita. Twiga alisimamishwa kazi. Mama yao, mkwe wangu, alifunga mlango. "Mwambieni huyo," alisema, "mimi nilizaa mtoto mmoja tu, na nimemzika." Mpelelezi alikuwa na utepe mkononi, lakini utepe peke yake haukumtosha. Alikuwa anasubiri mtu aseme kwa kinywa chake.

Mimi nilikuwa nyumbani nahesabu vigae vya sakafu. Binti yangu alikuwa anapika, anafua, anajibu "ndiyo baba" na "hapana baba". Mfuko wa nguo za mama yake, uliotoka hospitali, ulikuwa unaning'inia nyuma ya mlango wa chumba, haujafunguliwa.

Jumapili moja, saa tisa alasiri, hodi.

Mlango wetu ni mfupi. Zamani Twiga akija tulikuwa na utani wetu: anainama, mimi nasema "mlango umekukosea nini, shemeji?", yeye anasema "mjenzi wake alikuwa wa ukoo wako". Siku hiyo hakuinama. Akajigonga paji la uso, akaingia kana kwamba hakuna kilichotokea. Alikuwa amekonda, shati linamwelea.

"Karibu shemeji. Kaa."

"Sikai."

Akapiga magoti. Mtu mrefu akipiga magoti mbele ya aliyekaa, macho yanalingana. Sikuwa na pa kuyapeleka yangu.

"Shemeji, nimemuua dada yangu. Nimekufanya mgane. Nimejaribu kuikumbuka kila taa ya asubuhi ile. Zote nazikumbuka, ya saba siikumbuki. Mwanzoni nilikuwa naona giza tu. Sasa nikifumba macho naiona mikono yangu inakaza kibano, inauruka waya, inabandika utepe. Naiona kabisa, shemeji."

Mnaelewa alichokuwa anasema? Alikuwa ameshonewa kosa, limemkaa sawasawa, na aliyempima ni mimi.

"Inuka, Twiga."

"Siinuki mpaka uniambie."

"Nikuambie nini?"

"Umenisamehe au hukunisamehe."

Ilikuwa nafasi nyingine. Mungu alikuwa ameileta mpaka mlangoni, ikajigonga kichwa ikaingia. Nilimtazama mtu aliyenitoa kwenye moshi wa mageti, aliyenishikia ngazi miezi mitatu mpaka magoti yangu yakaacha kutetemeka.

"Nimekusamehe," nikasema.

Nimefanya mabaya katika hadithi hii na mengine mmeshayasoma. Hilo ndilo kubwa lao. Nilimsamehe mtu asiye na kosa, tena kwa sauti ya upole, tena nikampigapiga mgongoni.

Alilia mpaka akamaliza. Akainuka, akakaa kwenye kiti, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikadhani yamekwisha.

"Basi vizuri," akasema. "Kesho nakwenda kwa yule mama mpelelezi."

"Kufanya nini?"

"Kumwambia ni mimi."

Niliruka kwenye kiti. "Una wazimu? Nyamaza! Hawana kitu, wana kipande cha utepe tu. Wa kulaumiwa ni Bwana Saa, dunia nzima inajua vibano vyake!"

"Bwana Saa hakubandika utepe, shemeji."

"Watakufunga!"

"Wanifunge. Mama hanifungulii mlango. Labda nikitoka huko, nimeshalipa, atanifungulia." Akatabasamu kidogo. "Unajua nilikuwa nasubiri neno lako tu? Ungenifukuza leo, ningeogopa kwenda. Sasa siogopi."

Kwa hiyo msamaha wangu ndio ulikuwa unampeleka gerezani.

"Tafakari kwanza," nikasema. "Wiki moja tu. Siku mbili."

"Nimetafakari wiki sita."

Ndipo binti yangu akaingia na sinia la chai. Vikombe vitatu, sukari, birika. Na kando ya sukari kulikuwa na kitu kingine, ambacho alikiweka mezani kabla ya vikombe.

Mzingo wa utepe. Wa bluu.

"Mjomba," akasema, "huu si wako?"

Twiga akauchukua akautazama ndani, kwenye duara la karatasi ngumu. Mle ndani kulikuwa na mchoro wa kalamu: mnyama mwenye shingo ndefu na kofia ya fundi. Mke wangu alikuwa akimchorea mdogo wake kila mzingo mpya, ili usiibiwe.

"Ni wangu." Kidole chake kilikuwa kinapita juu ya ule mchoro. "Siku ile niliutafuta kila mahali. Nikadhani umekanyagwa kwenye vurugu. Umeutoa wapi, mpwa wangu?"

"Leo nimefungua mfuko wa nguo za mama, nizifue. Ulikuwa kwenye aproni."

"Kwenye aproni ya dada?" Akakunja uso. "Dada alikuwa anaufanyia nini? Yeye hatundiki taa."

Binti yangu akachukua birika. Akamimina chai kikombe cha kwanza. Akamimina cha pili. Akaweka birika, akavuta kiti, akakaa kati yetu.

Twiga alikuwa anaugeuzageuza utepe karibu na dirisha. Akatafuta ncha, akaibandua kwa ukucha. Akainyanyua kwenye mwanga.

"Huu haukukatwa kwa mkasi," akasema polepole.

Akaingiza mkono mfukoni akatoa mkasi wake mdogo, akauweka mezani kando ya ile ncha yenye alama za meno. Akavitazama viwili hivyo muda mrefu.

Hakunitazama. Nadhani alikuwa ameanza kuelewa na alikuwa anaomba asielewe.

Aliyenitazama ni binti yangu. Hakuwa na hasira. Afadhali ingekuwa hasira, hasira ningejua pa kuishikia.

"Baba," akasema, "kabla mjomba hajakwenda huko kesho. Asubuhi ile mama alimpelekea nani huu utepe?"